Jumatatu ya Mdogo Wangu

Jumanne, 4 Machi

Wifi kaja saluni kabla ya mteja wa kwanza. Hakukaa. Mdogo wangu katapika damu tena, jana, kwenye ndoo ya kufulia. Daktari kasema ini limechoka. Akiendelea na pombe, mwaka huu hataumaliza. Mwenyewe anasema ataacha Jumatatu. Jumatatu ipi, hasemi. Tumeshazika Jumatatu nyingi kwenye familia hii.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao kwa mjomba. Chai haikunyweka. Mjomba keshaongea na nyumba ya matibabu ya walevi kule nje ya mji. Watu wao wanakuja na gari, wanamchukua, miezi mitatu hatoki. Nikasema ni mtu mzima, ana akili zake, si mbuzi wa kuburutwa. Wifi akanigeukia. Huo uhuru wake, akasema, nikishabaki mjane nitaupika wanangu waule?

Shida ni pa kumkamatia. Nyumbani ataruka ukuta. Baa ana marafiki. Basi wote wakanitazama mimi! Kila Jumamosi namnyoa ndevu. Siku hizi mikono inamtetemeka, wembe hashiki, na kinyozi mwingine hamtaki. Kwenye kiti changu hulala kabisa, kichwa nyuma, shingo wazi.

Nikaitikia. Kwa kichwa tu—lakini nimeitikia.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimemkata mteja sikio. Mimi! Kaniuliza kama nimegombana na mume. Nikashika simu nimwambie mdogo wangu kila kitu, nikairudisha mfukoni. Naogopa kumsaliti. Naogopa zaidi kumzika.

Jumamosi, 8 Machi

Kaja mapema. Hanuki pombe. Shati limenyooka—wifi yako kanipigia pasi, akasema, tangu lini? Nimekuwa mgeni rasmi? Tukacheka. Mimi nilicheka vibaya.

Nikampaka povu, nikaanza upande wa kulia. Akafumba macho, ndipo akasema. Jana kaenda peke yake kuiona ile nyumba ya nje ya mji. Kasimama getini. Hakuingia, miguu iligoma. Lakini Jumatatu anaingia, kwa miguu hiyohiyo. Nimsindikize? Na nisimwambie mtu, wasije wakasema wao ndio waliompeleka.

Jumatatu ni keshokutwa. Nikasema nitamsindikiza. Nilitaka kumwambia na habari ya gari la mjomba, nikamalizia upande wa kulia. Nimwamini? Nimeshamwamini mara nyingi, kila mara nikaachwa na aibu yangu. Lakini getini hajawahi kufika.

Sasa kalala. Upande wa kushoto bado povu. Naandika nimesimama, daftari juu ya mataulo, nisipoandika nitapiga kelele.

Nimempigia mjomba, nikamwomba siku mbili tu. Kasema siku mbili ndizo mdogo wangu anazoomba tangu alipooa.

Gari jeupe limesimama ng'ambo ya barabara. Mjomba anashuka. Wanaume wawili nyuma yake, wana miili mikubwa. Wifi kabaki ndani ya gari, kajifunika uso kwa mtandio.

Nimegeuza ufunguo mlangoni kabla hawajavuka. Polepole, lakini umelia.

Kafumbua macho. Hajaona gari. Anautazama mlango, kisha mimi, povu linamtiririka shingoni.

Anauliza, dada, mbona unanifungia?