Vidonge vya Msimu Mzima

Mama yangu uliyelala makaburini Katindiuka,

Shikamoo. Marahaba yako nimeikosa tangu ulipotutoka mwaka jana, na mpaka leo nikiingia nyumbani kwako najikuta naamkia mlango.

Mpunga umeanza kutoa masuke, ndiyo maana nakukumbuka zaidi. Wakati kama huu ulikuwa umeshahamia shamba, ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, nyumba ya mjini umeifunga na ufunguo umemwachia jirani. Kutwa nzima uko juu ya dungu, kile kichanja cha miti, unaamia ndege wasile mpunga, unavuta zile kamba za makopo, wakiruka unawatukana kwa Kindamba. Kila Jumamosi nilikuwa nakuja na sabuni na chumvi, nawe unanipokea kwa utani: umekuja kuamia au umekuja kula? Nilikuwa nimekuja kula, mama.

Dawa zako za presha, bima ilikuwa inalipia za mwezi mmoja tu. Ndio ulikuwa utaratibu wao: kila mwezi mgonjwa aonekane kliniki Ifakara ndipo apewe nyingine. Nilikubembeleza uende, mimi nibaki kwenye dungu. Njia ilikuwa imejaa maji hadi kiunoni, na mimi hukuniamini hata kidogo. "Ndege hawana kliniki, mwanangu," ulisema.

Basi ukafanya kama unavyofanya na mchele wa akiba mavuno yakichelewa. Ukavigawa vidonge. Leo nusu kidonge, kesho unaruka. Vipande umevifunga kwenye pindo la khanga, unajisifu kwamba vitafika hadi mavuno. Nilikwambia dawa haibanwi hivyo, ukacheka, ukasema kichwa chako unakijua mwenyewe.

Havikufika. Mdogo wako, mama mdogo Felista, alikukuta umeanguka chini ya ngazi ya dungu, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Hapo ndipo bima ilipofungua mkono: gari la wagonjwa, picha ya kichwa, rufaa, wodi wiki baada ya wiki. Walilipa kila kitu, siwezi kuwasingizia. Kitandani hukuweza kusema, ila mkono wako wa kushoto ulivuta shuka, ukaachia, ukavuta tena. Nesi alidhani unasikia baridi. Mimi nilijua unaamia ndege. Uliendelea hivyo mpaka ulipotuacha, na inaniuma hadi sasa.

Baada ya arobaini yako, watu wa bima walituita mkutanoni kwenye ofisi ya kata. Kijana mmoja mpole, mgeni wa huku, akaeleza kwamba matibabu yamekuwa ghali, kwa hiyo michango yetu lazima ipande. Nikasimama. Unanijua nikisimama. Nikasema: "Mama yangu mlimlipia kitanda, gari na picha, vidonge mkavibania. Mngempa vya msimu mzima kabla hajahamia shamba, ninyi mngebaki na hela yenu, na mimi ningebaki na mama."

Watu wakaguna, mzee mmoja akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana aliuliza ni wangapi humo ndani huhamia shamba, na mikono karibu yote ikainuka. Masikini, hakuwa anajua.

Mwaka huu wamebadilisha. Wenye presha na sukari wamepewa dawa za msimu mzima kabla ya kuhama, na nesi anawafuata na pikipiki kuwapima hukohuko. Juzi yule kijana alinipigia simu kwa furaha: wanaolazwa kutoka mashambani wamepungua, huenda michango isipande. Nilimjibu vizuri. Nilipokata simu nililia kwa hasira. Kumbe ilikuwa inawezekana! Kwa nini haikuwa msimu wako?

Kwenye dungu lako sasa anakaa mama mdogo Felista, naye ana presha kama wewe. Jumamosi nilimpelekea sabuni na chumvi. Mfuko wake wa dawa umening'inia pale ulipokuwa unatundika redio. Nikamwomba anywe nikiona. Akanicheka, kicheko chako kabisa, akachukua kidonge, akakimeza na maji aliyochota kwa kata mtungini.

Kizima, mama. Hakukikata.

Pumzika. Ndege tunawaamia sisi.

Mwanao,
yule anayekujaga kula