Madaftari ya Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 6 Machi

Makala imekubaliwa! Miaka minne ya kuchora grafu za mafuriko, na hatimaye jarida limesema ndiyo. Kwa masharti: marejeo yote yafuate mtindo wao, yarudishwe Ijumaa ya tarehe 17, kabla ya saa kumi na moja jioni. Profesa alifurahi mpaka akanipa mkono. Kisha akanirushia kazi yote. Eti ni nukta na mkato tu.

Marejeo sitini na nne. Kumi na mawili ni ya Profesa mwenyewe — hayo hayaguswi.

Makala ikitoka, nahitimu. Isipotoka, mkataba wangu unaisha mwezi huu na shahada naisikia kwa wenzangu. Kwa hiyo, nukta na mkato.

Jumanne, 7 Machi

Jina la ukoo, mkato, herufi ya kwanza, nukta. Mwaka ndani ya mabano. Jina la jarida kwa herufi za mlazo, lakini namba ya toleo isilale. Nani alikaa kitako akabuni haya? Huyo hana kazi nyumbani kwake.

Nimemaliza kumi na sita. Shingo imekakamaa. Mwenzangu wa meza ya pili, yule tunayemwita Mama Takwimu, anasema afadhali kufua mapazia.

Namba kumi na saba nimeiruka. Nitairudia kesho.

Alhamisi, 9 Machi

Sikuirudia jana. Najijua.

Namba kumi na saba ni Baba Mdogo. Profesa aliandika hivi: "Msoma kipimo, maelezo ya mdomo." Basi. Hata jina hana. Na jarida linasema maelezo ya mdomo hayaingii kwenye orodha. Yanakaa kwenye mabano katikati ya aya, na aliyeyatoa lazima asaini fomu ya kukubali.

Maelezo gani ya mdomo? Miaka ishirini na miwili Baba Mdogo alishuka mtoni kila asubuhi, saa moja kamili, kusoma ile nguzo ya namba inayopima kina cha maji. Akaandika. Daftari moja kila mwaka, kalamu ya bluu, na nyekundu siku za mafuriko. Grafu zote tano zimetoka humo. Namba kumi na saba imetajwa mara kumi na moja — nimehesabu. Ukiitoa, makala inabaki utangulizi na shukrani.

Na madaftari nilimwomba mimi. Nilimwapia kwamba nayaazima tu, nikampelekea Profesa.

Jumamosi, 11 Machi

Nimekwenda kwa Baba Mdogo na fomu. Huyu ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyenisainia madaftari yangu yote ya shule. Mama Mdogo kaniona tu, kaanza: nimekonda, kwani huko ofisini hawali?

Baba Mdogo alivaa miwani akaomba orodha yenyewe. Akapitisha kidole jina kwa jina, kurasa nne, polepole. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mimi niko wapi humu?"

Nikasema atakuwa kwenye mabano. Maelezo ya mdomo.

"Mdomo? Mwanangu, mimi sikuwaambia kitu. Mimi niliandika."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Akauliza kama hakuna namna ya kuyataja madaftari yenyewe. Nikafungua mwongozo wa jarida — ipo! Nyaraka zisizochapishwa: jina la mwandishi, miaka, mahali zilipohifadhiwa. Jina linaingia kwenye orodha kabisa, sawa na la Profesa. Fomu ni hiyohiyo, sehemu ya pili. Nikamwachia aijaze kwa utulivu. Anapenda mwandiko wake ukae sawa. Akanisindikiza mpaka barabarani, kitu ambacho magoti yake hayamruhusu siku hizi.

Nimerudi nikiimba.

Jumatatu, 13 Machi

Profesa kasema sawa, vyovyote, mradi iishe. Nikaomba kuyaona madaftari. Akatazama dirishani. Eti yako kwenye maboksi tangu tulipohamia jengo hili, nimuulize mtunza stoo.

Mtunza stoo alicheka kwanza. Maboksi yote yasiyo na lebo yalikwenda kiwandani kusagwa mwaka jana, pamoja na magazeti ya zamani. Profesa mwenyewe aliidhinisha. Akanionyesha karatasi. Saini ni yake, na ule mkia wake mrefu.

Nilikaa kwenye ngazi za stoo.

Jumatano, 15 Machi

Nimemkabili. Profesa anasema namba zote zimo kwenye kompyuta, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Hakuna kilichopotea! Kisha akashusha sauti. Ama turudi kwenye maelezo ya mdomo, mzee asaini, yaishe. Ama niandike yamehifadhiwa idarani. Nani atakuja kuyatafuta? Akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba ripoti yangu ya kuhitimu iko mezani kwake.

Nikiandika ukweli, makala inakwama, nami nayo. Nikirudi kwenye mdomo, nimemfuta mzee kwa mkono wangu. Nikiandika uongo, jina lake ndilo litakalosimama mbele ya uongo huo. Kila ninakogeukia ni ukuta. Naogopa, na nina hasira, na sioni wa kumwambia.

Mama Takwimu kaniletea chai, nikamkaripia bure. Nimemwomba radhi.

Marejeo mengine sitini na matatu yamekamilika. Yamependeza, ukiyaangalia kwa mbali.

Alhamisi, 16 Machi

Mama Mdogo kapiga simu. Fomu iko tayari. Nimesema ahsante, nikakata.

Ijumaa, 17 Machi

Saa tisa. Baba Mdogo kaileta fomu mwenyewe! Nimeitwa mapokezi, namkuta kavaa lile koti lake la kazini, limepigwa pasi. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Ngazi zote nilikuwa naipanga hotuba. Nikamwamkia, akanishika bega, akamgeukia mlinzi: "Huyu ndiye mwanangu. Ndiye anayenitunzia kazi yangu."

Nikameza hotuba yote.

Kasema nisihangaike kuyarudisha madaftari. Kwake mchwa wangeshayamaliza. Akaondoka taratibu, akishikilia ukuta.

Saa kumi. Nimeifungua fomu. Jina lake kamili, kalamu ya bluu, kila herufi imesimama wima. Saini kaiweka kwa nyekundu. Na pale penye mahali nyaraka zilipohifadhiwa, kaandika: Kwa mwanangu.

Saa kumi na nusu. Jina lake nimeliingiza. Namba kumi na saba sasa ina mtu. Kimebaki kisanduku kimoja: anwani kamili ya mahali hapo. Bila hicho mfumo wa jarida haupokei. Profesa amechungulia mara mbili. Nimeandika idara. Nimefuta. Nimeandika nyumba yangu, mtaa na namba. Nimefuta.

Saa kumi na dakika hamsini. Zimebaki dakika kumi, kisanduku bado kitupu. Simu. Baba Mdogo. Atakuwa amefika nyumbani, anataka kujua kama jina limekaa vizuri. Inaita. Naandika hapa badala ya kupokea. Imekatika — hapana, inaita tena.