Wasichana Tisa wa Bluu

Jumatatu, 20 Mei

Nimechaguliwa. Au niseme nimetegwa! Mkutano wa ligi ya softiboli ulikuwa unaisha, nikatoka mara moja kwenda chooni. Kurudi, watu wananipigia makofi. Msimamizi mpya wa timu za nyota, wachezaji bora wanaokwenda mashindano ya wilaya, wasichana wa chini ya miaka kumi na miwili: Nadine Stovall. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hapa Kettle Creek asiyekuwapo ndiye anayepewa kazi.

Mume wangu Roy kacheka mpaka kakohoa. Ana haki ya kucheka — wiki hii anaondoka na mashine za kuvuna ngano, harudi mpaka Julai.

Alhamisi, 23 Mei

Mchujo. Upepo wa Oklahoma, vumbi jekundu hadi kwenye meno. Wasichana ishirini na mmoja walikuja. Dwight Haskell, muuza matairi, kocha wa nyota tangu enzi na enzi, kakaa kwenye kiti chake anatema maganda ya alizeti. Kachagua kumi na wawili wake, kafunga orodha.

Nikamuuliza, na hawa tisa waliobaki? Wakaogelee, akasema, bwawa limefunguliwa.

Damu ikanichemka. Nikasema tutaunda timu ya pili. Akacheka. Kocha nani? Nikasikia mdomo wangu unajibu: mimi. Domo hili litakuja kuniua!

Kinley wangu yuko kwa Dwight, mdakaji, anayechutama kupokea mipira ya mrushaji. Nimefurahi, ni binti yangu, sitajifanya. Lakini Yaritza Olvera kaachwa. Mtoto anarusha mpira kwa nguvu kuliko wote, ila mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Ulimpiga Brylee begani — Brylee ndiye mrushaji wa Dwight — basi, ikawa ndiyo mwisho wake.

Jumapili, 26 Mei

Majina yametangazwa. Nyekundu ni ya Dwight, Bluu ni yangu. Simu haijatulia tangu kanisani.

Trish Vandiver ndiye kanimaliza. "Nadine, binti yangu si makapi! Afadhali akae nyumbani kuliko kuvaa bluu." Wengine wawili wakaimba wimbo huohuo. Na timu ni wasichana tisa. Mmoja akitoka, wanane hawachezi, mashindano ya wilaya hayapokei timu ya wanane.

Basi nikawaahidi. Msichana yeyote wa Bluu akiimarika, na Dwight akimtaka, atahamia Nyekundu, mradi daftari la kuandikisha majina ya mashindano halijafungwa. Nikampigia na Dwight. Sawa, akasema, kwa sauti ya mtu asiyesikiliza.

Wote wamesaini. Nimejiona nina akili kweli.

Jumanne, 28 Mei

King'ora cha kimbunga katikati ya mazoezi! Nyekundu walikuwa na wazazi wao, wakaingia magarini wakaenda zao. Wangu wazazi wako kazini. Nikawasukuma wote tisa kwenye vyoo vya uwanja, kuta za zege, harufu usiseme. Mvua ya mawe juu ya bati.

Binti wa Trish akaanza kulia. Yaritza, ambaye wiki nzima hajanipa hata salamu kamili, akasema usilie, kimbunga kikinusa humu kitageuza kirudi Texas. Wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Kimbunga kilipita mbali. Timu yangu imezaliwa chooni, kama cheo changu.

Jumatano, 5 Juni

Delfina, mama yake Yaritza, anatoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe, analala kidogo, anakuja uwanjani na ndoo yake. Anaipindua, anaikalia, anavaa glovu. Anadaka. Mtoto anarusha, mama anarudisha, hawaongei. Nimemwona akipigwa gotini, akasugua mara moja tu, akainua glovu tena.

Na mpira sasa unakwenda unakoambiwa! Sijui lini hasa ulianza kutii.

Leo Delfina kaniuliza kitu. Kocha wa shule ya sekondari akija wilayani kutafuta wachezaji, anaangalia timu gani? Nikamwambia huangalia zote. Si kweli. Huangalia Nyekundu, kisha anakwenda kula.

Jumatatu, 10 Juni

Mechi ya mazoezi, sisi na Nyekundu. Tumefungwa, lakini kwa mkimbio mmoja tu, pointi moja. Yaritza aliwatoa watatu mfululizo bila hata mmoja kugusa mpira. Wa tatu alikuwa Kinley. Nilipiga makofi kabla sijakumbuka mimi ni mama wa nani.

Garini, karibu na nyumbani, Kinley akauliza, "Nani kamfundisha?" Nikamwambia mama yake. Akageukia dirishani.

Dwight hakutema ganda hata moja mechi nzima. Haikunipendeza ile.

Alhamisi, 13 Juni

Nilijua! Brylee ameondoka. Anachezea pia klabu ya kulipia, inayozunguka majimbo, nayo ina mashindano wikendi hiihii, na baba yake kasema Kettle Creek baadaye. Dwight hana mrushaji.

Kanipigia mwenyewe, sauti ya asali. "Dada yangu Nadine, ile ahadi yako nzuri. Namtaka yule wa Olvera."

Yule wa Olvera! Hata jina hajalijua.

Nikamwambia nikibaki na wanane timu imekufa. Akasema ahadi si yake. Ni kweli, si yake.

Nikampigia Roy. Kelele za mashine nyuma. Uliahidi, akasema. Nikakata simu.

Kinley mezani: "Mama, mwache aje. Nataka kumdakia. Tukimpata tunashinda." Ana miaka kumi na mmoja, mwaka wake wa mwisho katika kundi hili. Nikamwambia kula. Nimekula mimi, sufuria nzima ya makaroni.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika garini, kando ya uwanja wa mashindano ya wilaya. Daftari linafungwa saa sita mchana. Sasa ni saa sita kasorobo.

Dwight alikuja upande wetu na jezi nyekundu begani. Wanangu walikuwa wanajipasha moto, wakaacha. Akamwambia Yaritza hongera, umepanda. Akamtupia jezi. Yaritza akaidaka, nani asingeidaka?

"Na hawa je?" akauliza.

"Hawa watakushangilia," Dwight akasema.

Binti wa Trish akasema, "Nenda, mjinga wewe, kocha wa sekondari yuko kule." Halafu akaanza kulia, yeye tena.

Yaritza akamtazama mama yake. Delfina akasema mkono ni wako, mwanangu. Yaritza akanigeukia mimi. "Bi Nadine, mnataka niseme nini?"

Hapo ndipo nilipogundua hakuna aliyemuuliza anataka nini. Nami sikumuuliza! Nikasema karatasi ya uhamisho nimeisahau garini, lazima niisaini mimi, naifuata. Nikaondoka mbio kama mwizi.

Karatasi ninayo. Iko juu ya paja langu, nimeweka shajara juu yake ndiyo naandika. Nikiipeleka, Nyekundu wanapata mrushaji, Yaritza anaonekana na kocha wa sekondari, binti yangu anashinda, na wanane wanakwenda kuogelea. Nikikaa hapa dakika kumi nyingine, daftari linafungwa, nimemwibia mtoto wa watu nafasi yake. Na ahadi ilikuwa yangu.

Kupitia kioo namwona Delfina. Kaipindua ndoo katikati, si upande wetu si wao, kaikalia. Yaritza bado ameshika jezi.

Kinley anakuja. Kajezi kake kekundu, vifaa vya mdakaji miguuni.

Kafika. Kainamia dirisha, liko wazi. Kocha Dwight anauliza kama umeipata, anasema. Kisha kaiona karatasi. Kaniona na kalamu. Tumetazamana.

Kageuka, kaweka mikono mdomoni, anawapigia kelele kule:

"Bado anatafuta!"