Wasia wa Mjomba na Kitufe Nilichobonyeza

Ofisi ya Uchapaji na Nakala,
Mkabala na Stendi,
Kibiti.

2 Desemba 2004

Mpendwa Kaka Hilal,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute na afya njema huko Maskati, wewe, Shemeji Zainab na watoto, na kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kiwe kimepata nafuu. Sisi tu wazima. Mama yangu magoti yanamwuma, lakini funga ya Ramadhani aliimaliza yote. Idi tulisali bila marehemu baba yako, ikawa Idi ya kimya.

Mvua za vuli zimekuwa haba mwaka huu. Mpunga wa bondeni haujasimama vizuri. Korosho, kinyume chake, zimezaa sana, na hizo korosho ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Nduguyo Tahiri aliniambia kwamba alikupigia simu kukuarifu kuwa wasia wa Mjomba, baba yenu, umeharibiwa na kompyuta. Alikueleza jambo lenyewe kwa ufupi, na kwa ufupi huo amekueleza visivyo. Si kosa lake. Ukweli wote anaujua mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi.

Maulida, ambaye Mjomba alimchukua kutoka Salale akiwa na miezi mitatu, ndiye mchapaji wangu. Mtoto wa kulea harithi katika sheria yetu. Apatacho ni kile alichousiwa tu, kisichozidi theluthi. Mjomba alilijua hilo, ndiyo maana alikuja ofisini Ijumaa tatu mfululizo, akakaa kando ya Maulida na kumtajia mashamba yake moja moja. Maulida aliyapanga katika jedwali: shamba upande huu, mwenye kupewa upande wa pili.

Mjomba alikataa maandishi yale yachapwe kwenye karatasi. Ofisi yangu huingia kila mtu, na stendi nzima ingejua habari zake kabla ya magharibi. Aliagiza yawekwe kwenye flopi, kile kisahani cha kuhifadhia maandishi ya kompyuta, yafutwe katika mashine, na flopi itiwe ndani ya bahasha na kupigwa lakiri, kama wazee wake walivyofanya kwa karatasi. Sheikh Huseni na Mzee Sadala wakatia sahihi juu ya bahasha. Walichokishuhudia, Kaka, ni bahasha. Yaliyomo hawakuyaona. Akausia isifunguliwe mpaka siku ya arobaini yake. Mwezi uliofuata alifariki hospitalini Mchukwi.

Sasa nikueleze jambo ambalo Tahiri halielewi. Programu tuliyokuwa tukiandikia ilikuja na kompyuta yenyewe, mtumba wa Dubai ulionunuliwa Kariakoo. Ni programu ya kibiashara, na nakala yetu ilikuwa ya wizi, kama zilivyo karibu zote zitumikazo toka hapa hadi Ikwiriri. Aliyeitengeneza huyaficha maandishi ya watu katika mtindo wake mwenyewe, hivyo siku akifunga duka, au akiamua kubadili mtindo, barua yako na hati yako ya shamba vinabaki mateka wake. Programu huria haina siri hiyo. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichungulia ndani, kuirekebisha na kumpa jirani bila kumwibia mtu. Nchi imeuza viwanda vyake na mabenki yake. Sioni kwa nini tuuze na kalamu zetu. Haya nilikuwa nikiyasema kabla ya msiba, na leo bado nayaamini.

Kwa hiyo, wiki ya tatu ya msiba, niliifuta programu ile na kuweka iliyo huria. Sidii yake niliivunja vipande viwili mbele ya wateja, nikatangaza kwamba hati za ndoa na za mirathi haziandikwi tena kwa chombo cha wizi katika ofisi yangu. Maulida aliniambia taratibu, "Kaka Mudathiri, tungengoja arobaini ipite. Wasia wa Baba umeandikwa kwa programu ile ile." Nilimjibu kwa hotuba ya robo saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye kiti chake.

Arobaini ilisomwa siku chache kabla ya Ramadhani kuandama. Baada ya alasiri walikuja ofisini Sheikh Huseni, Mzee Sadala, Tahiri na mama yangu. Jenereta likawashwa, lakiri ikavunjwa, flopi ikaingizwa. Maandishi yakafunguka, lakini jedwali halikuwapo. Majina manne yalirundikana juu, vipande saba vya mashamba vikashuka chini, na katikati visanduku vitupu na alama za kuuliza. Kila mtu alikuwamo na kila shamba lilikuwamo. Nani kapewa lipi, haikujulikana.

Tahiri alisogea karibu. "Bwana Digrii, hicho ni Kindengereko au Kichina?"

Walicheka, hata Sheikh. Damu ikanipanda usoni. Nilianza kubonyeza hapa na pale nikitaka kuwaonyesha kwamba nina ujuzi wa jambo lile. Kompyuta ikaniuliza swali, kama nataka kuhifadhi kwa mtindo wake juu ya maandishi ya zamani. Sikulisoma. Nilibonyeza ndiyo.

Hilo ndilo kosa, Kaka. Kabla ya kitufe kile, flopi ilikuwa bado na wasia kamili, ikisubiri programu yake tu. Nililijua hilo siku nne baadaye Kariakoo, nilipompata fundi mwenye kompyuta iliyobaki na programu ile ya zamani. Aliingiza flopi, akatazama, akaniuliza ni nani aliyehifadhi juu yake. Nilimjibu kwamba sijui.

Kibiti nzima sasa inasema programu ya bwana msomi imekula wasia. Wafanyabiashara wawili wameniomba niwarudishie ile ya wizi. Hayo nayavumilia. Nisichoweza kukivumilia ni kilichompata Maulida, kwani wapo wanaosema aliandika upuuzi makusudi ili ajipe shamba. Siku ile ile aliusoma wasia wote kwa kichwa, kipande kwa kipande, bila kusita, na kwa mujibu wake shamba la mikorosho la Mtawanya ni lake. Tahiri akamwambia, "Aliyeandika ni wewe. Anayesema kapewa ni wewe. Shahidi wako nani, dada?" Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikatazama kioo cha kompyuta.

Msimu ulipoanza, Tahiri alipeleka waokotaji Mtawanya. Maulida alikwenda na ndoo yake, akazuiwa njiani, akarudi nayo tupu akiwa ameishika mbele yake kama vile imejaa. Kazini anakuja kila siku na kazi yake haina dosari. Lakini haniiti tena Kaka. Ananiita Bosi.

Nakuomba jambo moja, nami najua uzito wake kwako. Wiki ile aliyopiga lakiri, Mjomba aliniomba simu nikampigia mimi namba yako, kisha nikatoka nje kwa heshima. Alizungumza nawe muda mrefu. Kama alikutajia Mtawanya, andika kwa mkono wako mwenyewe na umpelekee Sheikh Huseni. Fungu lako litapungua, nawe una watoto wa kusomesha. Kama hakukutajia, usiandike lolote kwa kunihurumia mimi. Uongo uliomo katika jambo hili unatosha. Nimeweka humu karatasi ya maandishi yaliyovurugika uione kwa macho yako.

Kesho ni Ijumaa. Baada ya swala nitasimama niseme mbele ya watu mkono uliobonyeza kitufe kile ulikuwa wa nani. Haitamrudishia Maulida mkorosho hata mmoja, na msimu unakaribia kwisha. Lakini hapana mtu atakayesema tena kwamba Maulida aliandika upuuzi makusudi.

Mama anakusalimu sana na anaulizia kama watoto wanasema Kiswahili. Mzee Sadala na Bi Semeni wanakusalimu. Mpe Shemeji Zainab heshima zangu, na wabusu watoto. Salamu za Maulida sina, kwa kuwa sikumwambia kwamba nakuandikia. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako, akulinde ugenini, na akuongoze katika jibu lako, liwe lolote liwalo.

Mimi nduguyo nikupendaye, hata ukishanijua,

Mudathiri