Tawi Lililovuka Mweru

Kilwa ya Kongo, 10 Machi 2024

Felistus mujukuu wangu,

Jambo sana. Mwili unaamka namna gani, na wa baba yako? Huku dada yangu niliyekuja kumuuguza anaanza kula vizuri, Mungu asifiwe. Barua hii anaileta Lackson, yule wa samaki.

Nina furaha. Lile tawi la muchungwa wetu wa Kashikishi, nililobeba juu ya magoti ndani ya mutumbwi, likiwa limefungwa kitambaa chenye maji, nimelipandikiza na limeshika kwenye mulimau wa dada yangu. Tamara, mujukuu wake, akiolewa mwezi wa nane nitamukatia kitawi akipandikize kwa bwana yake, kama tunavyofanyia kila bibi-arusi. Asubuhi ninanusa majani yake, ninasahau niko upande gani wa ziwa Mweru.

Bibi yako, Kambo Clotilde


Kashikishi, 2 Aprili 2024

Kambo mupendwa,

Nakusalimia kwa heshima. Sisi wazima, baba tu anakohoa kwa moshi wa samaki. Ninaandika kwa sababu kwa simu maneno haya yangenishinda.

Muchungwa wetu ni mugonjwa. Majani ya upande mmoja yameshika mabaka ya njano. Matunda ni madogo, yamepinda, chini yanabaki kijani, na ni machungu. Ba Chibwe, yule bwana wa kilimo, alipita. Mimi nilisimama nyuma ya mulango. Alimwambia baba hakuna dawa: vidudu vinaupeleka ugonjwa, na tawi la kupandikiza linaupeleka pia, hata likionekana zima. Tafadhali usimupe Tamara. Ulikate lile.

Mujukuu wako Felistus


Kilwa, 21 Aprili 2024

Muke-mwenzangu,

(Au hutaki tena kugawana nami babu yako?) Sisi wazima. Nimecheka sana. Huyo Ba Chibwe hauzi miche? Mimi nilifika kwa babu yako na tawi kama hilo, na wanangu wote walikula machungwa yake. Tamara aende mikono mitupu, waseme kwao hakuna muti? Langu ni kijani kama kasuku. Huo wa nyumbani uuwekee majivu.

Kambo


Kashikishi, 15 Juni 2024

Kambo,

Amani kwako na kwa dada yako. Mwili wangu muzima, moyo sijui.

Niliota ziwa limefunikwa na maua meupe ya muchungwa. Mitumbwi ilipita juu yake bila sauti, na ndani ya kila mutumbwi bibi-arusi amekaa na kitambaa chenye maji kwenye magoti. Nilitaka kuwaita warudi. Mudomo haukufunguka.

Asubuhi nilimwomba baba shoka. Alinitazama sana. "Utamwambia nini mama yangu?" Nikasema nitamwandikia. Tuliukata muchungwa, tukauchoma wote. Jirani Esnart akapita: "Mutoto huyu salamu zinamushinda, lakini shoka anajua kushika." Niliinama, nikaendelea kukusanya majivu.

Kambo, nakuomba tena.

Felistus


Kilwa, 30 Novemba 2025

Felistus,

Habari ya siku nyingi? Mwili wangu unaenda polepole.

Nilinyamaza kwa hasira, ulikata muti wa arusi yangu. Kisha nikanyamaza kwa haya. Njano imefika kwenye tawi langu, upande mmoja, kama ulivyoandika. Nimelikata. Lakini Tamara nilikuwa nimemupa.

Nilienda kwa bwana yake kuomba wakate muti. Mama-mukwe wake akauliza, "Mama, unarudisha mukono kwa zawadi? Na bibi-arusi tumurudishe?" Kiwanja kizima kikacheka, Tamara akainama. Muti wake una maua ya kwanza, na nyuma ya nyumba hiyo ni michungwa ya watu wengi, wanauza matunda yake wapate ada ya shule. Mimi sikujua kueleza. Wewe ulimusikia Ba Chibwe.

Kambo wako


Kashikishi, 6 Desemba 2025

Kambo mupendwa,

Magoti yanaendeleaje? Baba anakusalimia.

Ziwa likitulia nitavuka na Lackson. Nimeanza kujizoeza: ninasimama mbele ya kuku wa Esnart, ninawaeleza juu ya vidudu na matawi. Mwenyewe alinikuta jana, akakaa kusikiliza, akauliza kama ndimu zake pia ziko hatarini. Nilimujibu, Kambo. Sauti ilitetemeka lakini ilitoka.

Tutaanza nyumbani kwa mama-mukwe wa Tamara. Nitamusalimia Tamara kwanza, nimwambie maua yake ni mazuri, kwa sababu lazima yatakuwa mazuri. Kisha nitasema kwa nini muti ukatwe. Wakicheka, nitangoja wamalize.

Mujukuu wako Felistus