Mchele Unapanda Treni

Jumanne, 8 Oktoba 1974
Foleni ya kuhara tena mlangoni mwa zahanati. Nimechuja maji ya bwawa kwa kanga, mara mbili. Bado yana rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe wanasimama humo humo tunamochota, watafanyaje na wao. Korongo limekauka tangu shamba la mpunga la serikali lizibe maji huko juu. Mikono yangu inanuka samadi hata baada ya sabuni. Mchana ugali wa mahindi ya njano, yale yanayotoka Marekani. Unanuka gunia. Nimeumeza tu.

Ijumaa, 11 Oktoba
Korogwe, kuchukua dawa. Lori limepita kando ya shamba. Mpunga umesimama ndani ya maji, kijani kibichi, bata wanaogelea. Bata!

Stesheni, behewa moja linashusha mahindi ya njano. La pili linapakiwa mchele wa mavuno yaliyopita, uende Tanga, bandarini. Wapagazi ni wale wale. Nikamuuliza karani mchele unakwenda wapi. Nje, akasema, nchi inatafuta fedha za kigeni. Za nini? Akayaonyesha magunia ya njano kwa kidole.
"Za kununulia hayo, Nesi."
Nimerudi kijijini Misima na dawa zangu. Maji yetu ndiyo yanayopanda treni, na sisi tunarudishiwa unga.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nashipai amekufa. Binti wa Mzee Lembris, mfugaji waliyemhamishia kijijini kwetu mwaka huu. Alikuwa hajaanza kutembea. Nilimkorogea maji ya chumvi na sukari. Nilichemsha kwanza, nikachuja. Matope yakichemka yanakuwa matope ya moto, basi.
Mama yake hakulia mbele yangu. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 16 Oktoba
Lembris amevunja tuta la mfereji unaopeleka maji kwenye mpunga. Alfajiri, yeye na wanawake wa kijiji, kwa majembe yale yale ya shamba la ujamaa. Saa nne maji yakafika. Watu walichota wakicheka kama wana harusi. Nami nimechota, nimejaza kila chombo.
Alasiri ikaja Land Rover. Wamemchukua Lembris peke yake. Hakukimbia. Alimkabidhi mkewe fimbo, akapanda.

Jumamosi, 19 Oktoba
Mkutano. Bwana mkubwa wa wilayani, shati jeupe, soda mezani. Tumehujumu uchumi, anasema. Kisha akataka niuthibitishie umma kwamba mtoto alikufa kwa malaria. Alishaniambia pembeni, kwa upole, kama ananifanyia hisani.
Nikasimama.
"Ndugu, amekufa kwa kuhara. Na kuhara kumetoka kwenye maji haya tunayokunywa."
Jirani yangu Mama Rehema akatoka kwenye umati na kikombe cha maji ya bwawa. Akakiweka mezani.
"Karibu maji, Ndugu."
Alikitazama. Akafungua soda yake, akanywa, akaendelea na hotuba. Sijapata kumchukia mtu namna hii.

Jumatano, 23 Oktoba
Nimehamishwa. Vugiri, huko milimani, mara moja. Sababu hawakutaja.
Tuta limejengwa upya kwa saruji, askari analinda. Korongo kavu. Lembris wamemwachia, baada ya kumtoza madume yake bora. Alipita kuniaga. Anahama na mifugo kuelekea Mto Pangani, kijiji kimemshinda. Mkewe alinishika mkono, muda mrefu.

Jumapili, 10 Novemba
Vugiri. Ukungu, baridi. Huku maji yanashuka mlimani yenyewe, yanapita nyuma ya nyumba, hakuna anayeyaangalia. Bibi mwenye nyumba amenikaribisha kwa kikombe. Maji meupe, hadi chini unaona ua lililochorwa. Nimekishika mkononi hadi kikapata joto.
Akaniuliza kwa Kishambaa, halafu kwa Kiswahili, kama yana kasoro.
Nikamwambia hapana, bibi. Hayana.