Mami, Msije Kumwona Mtoto

Langas, Eldoret

Kwako Mami,

Kile kikohozi kimekuacha? Na Baba, ameacha kugombana na jirani juu ya ng'ombe? Sisi tuko, tunashukuru Mungu. Wajina wako anakua. Ananyonya mpaka namwambia, "Wangari, niachie hata mimi kidogo!" Ana macho yako na hasira zako. Dada yake Wairimu anamwonea wivu kidogo tu.

Mami, nimesikia wewe na akina mama wa kanisa mmekodi gari mje itega, mmwone mtoto na kumletea zawadi. Nilifurahi, kisha nikakaa chini nikalia. Msije. Ngoja nikueleze kabla hujakasirika.

Nyumba yetu iko na kunguni. Haki, hata kuliandika hilo neno naona aibu. Wako kwenye nyufa za ukuta, kwenye mbao za juu, hata ndani ya switchi ya stima. Nimemwaga maji moto, nimepaka mafuta ya taa, nimeanika godoro nikidanganya watu eti mtoto amekojoa. Wapi! Mtoto ameumwa mpaka mashavuni. Na hiki ni chumba kimoja, wageni mngekaa wapi kama si kitandani? Mngerudi nao Nyeri ndani ya viondo.

Nilimwambia mwenye ploti. Akaniuliza, "Nilipokupa nyumba, ulikuta kunguni?" Akasema tuliwaleta sisi na kitanda chetu cha mitumba, tupulize dawa wenyewe ama tuhame. Mume wangu Kariuki unamjua, hapendi maneno. Alinunua dawa akapuliza. Kunguni wakahamia kwa jirani, kisha wakarudi wakiwa wamenona.

Basi nikaenda mjini kwa bwana afya. Alinieleza vizuri. Kazi ya mpangaji ni kuweka chumba safi na kuripoti mapema. Lakini kunguni wakishaenea ploti nzima, ni jukumu la mwenye nyumba kupuliza vyumba vyote kwa pamoja, na hafai kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika. "Shida ni moja tu," akasema. "Lazima majirani pia waseme wako nao."

Mami, hapo nilijua nimeshinda. Si kila asubuhi naona watoto wa hii ploti wakijikuna!

Bwana afya akaja, mwenye ploti akiwa hapo. Akauliza mlango kwa mlango. Mama Chebet, ambaye tumetenganishwa na ukuta tu, akasema, "Kwangu? Sijawahi ona." Mwingine akasema hata hajui kunguni anafanana aje. Bwana afya alipoomba kuingia aangalie, ghafla kila mtu alikuwa amepoteza funguo. Hakuna anayetaka kuitwa mchafu mbele ya watu. Mwenye ploti akacheka, akaniambia, "Si umeona ni wewe?" Bwana afya alinipa pole akaenda zake.

Jioni Mama Chebet akaniletea uji kwa kibuyu. Mikono yake imejaa alama kama zangu. Akasema, "Pole, Mama Wairimu. Lakini si ungenyamaza tu kama sisi?" Nilitaka kumgombeza, nikakosa nguvu. Nikapokea uji.

Sasa mwenye ploti ametuambia tutoke mwezi ukiisha, eti ni kwa uchafu, si kwa kulalamika. Tutaenda wapi na hicho kitanda? Tukihama, tutahama nao, na huko watasema tena ni sisi tuliwaleta. Sijui nifanye nini, Mami. Nimechoka kabisa.

Nisalimie Baba, kaka yangu Mwangi na bibi yake, na shangazi wa dukani. Mwambie shangazi kofia aliyomshonea mtoto imemtosha.

Akina mama wa kanisa wakikuuliza mbona safari imevunjika, waambie tumesafiri, Kariuki amepata kazi Ainabkoi. Tafadhali Mami, usiwatajie kunguni.

Ni mimi binti yako,
Nyambura